"Sawa mwanangu" sio ruhusa: niliyojifunza kwenye kazi ya osteopathia Uingereza

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkandaji, Tanga mjini, mitaa ya Ngamiani. Watu wanakuja na mgongo, na bega, na mguu ulioteguka mpirani, anawalaza kwenye mkeka, anapiga bismillahi, anawakanda na mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, akimaliza anasema haya, mshipa umerudi, nenda, usibebe ndoo siku tatu. Bei hakuna. Ulichonacho unaacha, kama huna unaacha dua. Sasa kila mtu nyumbani akisikia kazi ninayofanya huku anasema aah, kumbe umerithi mikono ya bibi, na miaka ya mwanzo nilikuwa napenda sana kusikia hivo, nilijiona nina kitu ndani ya vidole ambacho Mungu kanipa mimi. Sa hivi nikiambiwa nacheka tu nabadilisha mada, kuelezea ni hadithi ndefu. Leo ngoja niielezee.

Nilifika Uingereza 2006, kazi ya kwanza ni ileile ya wengi wetu, kulea wazee kwenye nyumba za wazee, unageuza mtu wa kilo 90 kitandani usiku mzima. Mwaka haujaisha mgongo wangu ukagoma. Rafiki akanipeleka kwa osteopathi mmoja mzee hivi, akanishika akaninyoosha, pakalia kaa! nikatoka pale natembea kama malkia. Siku ya tatu maumivu yakarudi lakini hiyo sehemu nilikuwa siihadithii watu. Nikaanza kusoma, kozi ya wikiendi, nikamaliza 2013, saa za kliniki pekee unatakiwa ufikishe kama 1,000 chini ya usimamizi, yaani unamshika mgonjwa huku mwalimu kasimama nyuma yako na saa.

Kwa wasiojua, osteopathi huku hatoi dawa wala hapasui. Unamhoji mtu, unampima, halafu unatumia mikono, kukanda misuli, kuvutavuta viungo, wakati mwingine ile ya haraka inayoalisha, yaani kiungo kinalia kaa, na mazoezi ya kwenda kufanya nyumbani. Mtu aliyeanzisha mambo haya ni Andrew Taylor Still, daktari wa Marekani, alianza kuyahubiri 1874 na chuo chake kikafunguliwa 1892 Kirksville, Missouri. Hapo ndo utata unapoanzia, maana Marekani wale waliomfuata wakaishia kuwa madaktari kamili, wanaandika dawa, wanafanya upasuaji, nina binamu yangu Ohio alifanyiwa operesheni na osteopathi, akanipigia simu kwa furaha, "dada kumbe wewe ni dokta!" Nikamwambia tulia bwana, mimi huku nikiandika dawa ya mafua tu nafikishwa mahakamani. Uingereza ilipita njia nyingine. John Martin Littlejohn alifungua chuo London 1917, mwaka 1935 wakapeleka muswada bungeni watambuliwe, Baraza la Malodi wakauhoji mpaka waliouleta wakauondoa wenyewe. Ikachukua mpaka 1993 kupata sheria, rejista ikafunguliwa 1998, na kuanzia 2000 ukijiita osteopathi bila kuwemo kwenye rejista ya General Osteopathic Council, baraza linalotusimamia osteopathi, unafanya kosa la jinai. Hata ungekuwa na mikono ya bibi yangu.

Na mi nililipenda hilo jina. Mhamiaji, mwanamke, lafudhi ya Kitanga, halafu una namba yako kwenye rejista ambayo mtu yeyote akiingia mtandaoni anaiona. Ada nililipa, mamia ya pauni kila mwaka, na sikulalamika, mwaka ule wa kwanza nililipa nikapiga na picha ya risiti. Nilidhani kuwa kwenye rejista maana yake serikali imesema ninachofanya kinafanya kazi. Nilikosea. Rejista inasema huyu mtu kasoma, ana bima, anaweza kuwajibishwa. Kama kualisha mgongo kunasaidia au hakusaidii, hilo ni swali lingine kabisa, na hakuna aliyewahi kunikalisha akaniambia hizo ni barua mbili tofauti, nilizifungua moja moja mwenyewe.

Dalili zilikuwepo tangu chuoni. Kuna siku mwalimu alituweka wanafunzi wanne kwenye mgongo wa mwenzetu mmoja, kila mtu apapase kimyakimya aandike ni pingili gani "imekaza". Tukafunua karatasi. Majibu manne, migongo minne! Mmoja kaandika kiuno kulia, mwingine kushoto, mi nikaandika katikati ya mgongo kwa uhakika wote wa urithi wangu. Mwalimu akatabasamu akasema mtazoea, vidole vinakomaa na miaka. Nikaamini. Baadaye ndo nikaja kusoma kuwa hata waliokomaa wakipimwa kwa namna hiyo makubaliano yao ni hafifu, sasa jiulize, mimi nilikuwa namwambia mgonjwa "pingili yako ya nne imetoka pahala pake" kwa kutumia kipimo kipi.

Na hilo neno imetoka! Waswahili tunalipenda. Mgongo umetoka, bega limetoka, mshipa umepanda. Nilikuwa na mteja mmoja, dada wa miaka 34, afya yake nzuri tu, nilimwambia 2014 kuwa nyonga yake imepinda na ajihadhari, miaka mitatu baadaye namkuta kwenye harusi hachezi, kakaa kwenye kiti, namuuliza vipi shoga ananijibu, si wewe ulisema nyonga yangu imepinda. Miaka mitatu hajainua mtoto wake vizuri. Wallahi ukumbi ule niliuona mdogo. Nyonga yake haikuwa imepinda popote, ilikuwa maumivu ya kawaida ya mama aliyejifungua, mimi ndo niliyempa ugonjwa kwa mdomo.

Halafu kuna kipeperushi. 2016 nilikuwa nimejiajiri, siku mbili kwenye kliniki ya mtu siku tatu chumba changu cha kukodi, na wateja wengi ni watu wetu, Wazanzibari, Wabarawa, Wakongo wachache, Wakenya. Nikatengeneza tangazo la Kiswahili nikalirusha WhatsApp kwenye makundi na stetasi: mtoto analia usiku? gesi? pumu? anakojoa kitandani? Lete tumshike, mikono laini, bila dawa. Simu ziliita bana. Mama mmoja alileta kichanga cha wiki nane kinalia kila magharibi, nikamshika kichwa kwa ule mguso mwepesi tuliofundishwa, mara sita, kila mara pauni 45. Alipofika miezi mitatu na nusu akanyamaza. Mama akanisifu kwenye kundi lenye watu 200.

Mwenzangu wa kliniki, Mwingereza fulani mtu mzima aliyekuwa na tabia ya kusoma kila kitu, akaniuliza lile tangazo linasema nini. Nikamtafsiria. Akawa kimya, halafu akaniuliza ushahidi uko wapi. Nikamwambia watu wangu wanaelewa, ni Kiswahili, nani atalalamika? Akafungua kompyuta akanionyesha mwongozo wa ASA, ile mamlaka ya kusimamia matangazo, mwisho wa mwaka uleule walikuwa wamewaandikia osteopathi juu ya hilihili, kwamba maumivu ya mgongo na baadhi ya mambo ya viungo unaweza kutangaza, ila maradhi mahsusi ya watoto, vichanga na wajawazito usidai kuyatibu kama huna ushahidi wa kiwango. Na lugha haina msamaha. Halafu akanipa karatasi nyingine iliyotoka mwaka huohuo kwenye jarida la PLoS ONE, mapitio ya tafiti zote za ile ya kichwa, osteopathia ya fuvu. Waliomaliza kuzichambua wanasema wapimaji hawakubaliani wanachokihisi, na faida kwa mgonjwa haijathibitishwa.

Nilikasirika. Nilimwambia, lakini yule mtoto alinyamaza! Akaniuliza, kichanga kisichotibiwa hunyamaza lini? Nikajua jibu kabla sijafungua mdomo, mi mwenyewe nimelea wawili. Ile gesi ya vichanga huisha yenyewe miezi mitatu, minne hivi. Nilimtoza yule mama pauni 270 kusubiri pamoja naye. Nilifuta tangazo usiku ule, ila kumrudishia pesa sikumrudishia, nilimwita tu nikamweleza, na yeye akanigombeza mimi! Akasema usijishushe, una mikono ya baraka. Hapo utajua kazi hii ina mtego gani, hata ukitaka kusema ukweli mteja wako hataki kuusikia, anataka ile hadithi mliyoshirikiana kuitunga.

Sasa nije kwenye lile lililonikosesha usingizi.

2018, mama mmoja wa Unguja, miaka sitini na kitu, anakuja na shingo na bega. Mstaarabu sana, kanga juu ya koti, ananiita mwanangu, mi namwita mama. Tukaongea Kiswahili moja kwa moja, nikajiona nimempa huduma ambayo hapati kwa daktari yeyote mji mzima. Nikampima, nikamlaza, nikasema, "Mama, nitakunyoosha shingo kidogo, sawa?" Akasema, "Sawa mwanangu." Nikazungusha, pakaalika. Akashtuka, akakaa, akasema alhamdulillahi, akalipa, akaenda.

Alikaa siku mbili na maumivu ya kichwa na shingo imekaza zaidi, jambo linalotokea mara kwa mara baada ya matibabu ya mikono na kwa kawaida linaisha lenyewe, lakini yeye hakujua maana sikumwambia. Mtoto wake wa kiume anayeishi London akasikia, akaingia mtandaoni akasoma kuwa kualisha shingo kunaweza kuchana mshipa wa damu unaopanda kichwani ukaleta kiharusi. Nadra sana, kiasi kwamba hata kiwango chake wataalamu wanabishana, lakini ipo. Akamuuliza mama yake, ulielezwa hilo? Hapana. Ulikubali? Nilisema sawa tu. Akaandika barua kwa baraza.

Mtu asikudanganye kuwa ukipata bahasha ile utakuwa jasiri. Nilitapika. Kuna mtu anayeichuja kwanza kuona kama inahusu, halafu kamati ya uchunguzi inaangalia kama una kesi ya kujibu, ikiwa ipo unapelekwa kwenye kamati ya nidhamu, kikao cha hadhara, na adhabu zinaanzia kuonywa, kuwekewa masharti, kusimamishwa, mpaka kufutwa kwenye rejista. Bima yangu ikanipa wakili. Wakili akaomba kumbukumbu za mgonjwa, nikampa, na pale kwenye ukurasa nilikuwa nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri: ruhusa imepatikana, hatari zimejadiliwa. Akaniuliza hatari zipi. Kwa maneno yapi. Yeye alijibu nini. Nikabaki namtazama kama mtoto wa darasa la pili.

Ukweli ni kuwa hiyo sentensi nilikuwa naiandika kwa kila mtu, mkono unaenda wenyewe. Na ukweli mwingine ni kuwa mimi, msemaji wa Kiswahili, ndo nilipaswa kujua kuliko mtu yeyote kwamba sawa ya mama mtu mzima wa Pwani haimaanishi ndiyo. Inamaanisha nimekusikia. Inamaanisha wewe ndo mtaalamu, sitakuaibisha. Inamaanisha usinione mjinga. Mama zetu watasema sawa kwa daktari, sawa kwa fundi bomba, sawa kwa mtu wa benki anayewauzia kitu wasichokitaka, halafu watafika nyumbani wamuulize mtoto, hivi yule alisema nini? Osteopathi Mwingereza akiipokea hiyo sawa bila kuielewa angalau ana kisingizio cha lugha, mi nilitumia adabu ya kwetu kama ufunguo wa kupitia mlangoni.

Wakili akanisomesha kesi ya Montgomery dhidi ya bodi ya afya ya Lanarkshire, Mahakama ya Juu 2015. Mama mwenye kisukari, mfupi, mjamzito, hakuambiwa hatari ya mabega ya mtoto kukwama wakati wa kuzaa kwa sababu daktari aliona akimwambia atataka upasuaji, na mtoto akazaliwa na madhara makubwa. Majaji wakasema kipimo si kile madaktari wenzio wangeona kinafaa kusemwa, kipimo ni kile ambacho mtu aliyepo kwenye nafasi ya mgonjwa angeona kina uzito. Nilisoma hukumu ile usiku mzima. Nikamuwaza mama wa Unguja, anaishi ghorofa ya tatu, anamlea mjukuu, hata hatari ya moja kwa laki angetaka kuijua kabla ya kunipa shingo yake, hasa kwa sababu kulikuwa na njia nyingine ambazo hazina hatari hiyo na sikumtajia hata moja.

Miezi ilipita. Kamati ikasema hakuna kesi ya kujibu. Mi mwenyewe nilijiona ninayo.

Kuanzia hapo nilibadilika namna ya kuongea, na ilinichukua muda mrefu kupata maneno. Siulizi tena sawa? mwishoni mwa sentensi. Nasema, mama, kuna njia tatu, hii, hii na hii, na kuna ya nne ya kutofanya kitu tusubiri wiki mbili. Nasema hatari kwa neno lake, kiharusi, sio madhara madogo madogo. Halafu namwomba anieleze yeye kwa maneno yake ameelewa nini, na hapo ndo unacheka mwenyewe maana unasikia kitu ambacho hukukisema kabisa. Na naandika alichosema, kwa Kiswahili alivyosema, na tafsiri chini. Kumbukumbu za mtu mzima tunazitunza miaka 8, za mtoto mpaka afikishe 25, kwa hiyo kuna kabati langu limejaa sentensi za mama zetu.

Ila kuna siku Kiswahili kiliokoa mtu, na hii nayo niiseme isije ikaonekana nalaumu tu.

Mzee wa Kipemba, anafanya kazi ghala la vifurushi usiku, mgongo na miguu yote miwili inawaka moto. Kaja ijumaa saa kumi jioni, kaletwa na jirani, anataka nimualishe ili jumatatu arudi kazini. Sasa kwenye migongo kuna hali moja tunaiogopa wote, mishipa ya fahamu ya chini kabisa kwenye uti inabanwa na diski, kwa Kilatini inaitwa kauda ekwina, mkia wa farasi, maana ndivyo inavyofanana. Ikibanwa na ukachelewa, mtu anaweza kupoteza haja zake na nguvu za miguu maisha yote. Kuna maswali lazima uulize. Ganzi pale unapokalia tandiko la baiskeli. Mkojo unatoka? Unajua kibofu kimejaa? Choo? Mambo ya ndoa?

Muulize mzee wa Kipemba maswali hayo, wewe mwanamke uliye sawa na binti yake. Kwenye fomu ya Kiingereza alikuwa kaweka hapana, hapana, hapana, mstari mmoja kuanzia juu mpaka chini, kalamu haijapumzika. Nikafunga mlango, jirani akabaki nje. Nikasema, "Baba, samahani sana, nitakuuliza maswali ya aibu, na lau ningekuwa na namna nyingine nisingekuuliza." Akainamisha kichwa. Kwenye vitabu vya huku wanakufundisha uulize kama anahisi karatasi anapojipangusa. Karatasi, kwa mtu anayejisafisha kwa maji! Nikamuuliza, "Baba ukistanji, maji unayahisi?"

Kimya. Halafu akasema taratibu, "Sasa umesema hivo... tangu jana upande mmoja siyahisi. Nilidhani ni baridi." Na mkojo? Tangu asubuhi anasukuma.

Sikumgusa. Nilimpima nguvu za miguu na hisia basi, nikaandika barua, nikapiga simu hospitali, jirani akampeleka dharura na barua mkononi, nikamwambia usikubali kurudishwa nyumbani bila picha ya MRI. Wakampiga picha usiku ule na kumpasua siku iliyofuata. Anatembea. Alikuja baada ya miezi na halua, na mpaka leo anawaambia watu msikitini kuwa yule binti wa Tanga ndo aliyenitibu mgongo, nikimsahihisha anasema wewe huna shukrani.

Kuhusu ushahidi sitawachosha sana, ila kuna karatasi mbili tatu zinakaa mezani kwangu. Ule utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 2004, watu 1,334 wenye maumivu ya kiuno, uliona matibabu ya mikono yakiongezwa kwenye huduma ya kawaida yanasaidia kidogo mpaka wastani kwa miezi mitatu, na kidogo baada ya mwaka. Sawa, nikashangilia. Mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba huku, wa 2016 ukasema mikono iwemo, lakini ndani ya mfuko mmoja na mazoezi, isisimame peke yake. Haya. Halafu 2021 ukaja wa Ufaransa. Watu 400, mara sita kila baada ya wiki mbili, nusu wanapata osteopathia halisi, nusu wanaguswaguswa tu kwa namna isiyo na maana, na wanaofanya yote mawili ni osteopathi wenyewe. Kwenye kipimo cha pointi 100 cha shughuli za kila siku tofauti ilikuwa pointi tatu na kitu. Kwenye maumivu hakuna tofauti ya maana.

Niliisoma kwenye basi nikapitiliza kituo. Pointi tatu. Miaka mitano ya wikiendi, saa elfu moja, na tofauti kati yangu na mtu anayekugusa kwa kuigiza ni pointi tatu. Wenzangu kwenye kundi letu wakaanza, aah, hawakuchagua wagonjwa wanaofaa, aah, osteopathia haipimiki kwa namna hiyo, kila mgonjwa ni dunia yake. Mi nikaona hiyo ni lugha ileile ya mkandaji aliyeambiwa dawa yake haikufanya kazi, anakujibu ulivunja mwiko. Ukiwa umekubali utafiti wa 2004 kwa sababu ulikupendelea huwezi ukaukimbia huu wa 2021.

Hata ule mlio. Watu wanadhani ni mfupa unarudi. 2015 watafiti wa Alberta, Canada, walivuta vidole ndani ya mashine ya MRI, wakaona pale kinapoalika kunafunguka uwazi ndani ya maji ya kiungo. Basi. Ni uleule mlio unaoufanya ukiwa umechoka darasani unaalisha vidole. Nimewaambia wateja hilo, wengine wamenihama, wanataka mlio wao, na kuna mtu barabara ya pili atawapa.

Mbona bado nafanya kazi basi? Hata mume wangu aliniuliza. Nafanya kwa sababu mtu mwenye mgongo huku anapata dakika kumi kwa daktari, kwangu anapata dakika 45, anapimwa, anaambiwa hana kitu cha kuogopa au anapelekwa haraka kama kipo, anafundishwa kuinama bila woga, na ndiyo, namkanda, inampa nafuu ya siku mbili tatu aanze mazoezi. Namwambia hivohivo. Kipato kimepungua, siwezi kuficha, zamani mtu alikuwa anarudi mara kumi, sa hivi mara tatu nne namuaga. Na kila miaka mitatu nawasilisha saa 90 za kujiendeleza, nusu yake lazima iwe pamoja na wengine, mwisho unakaa na mwenzio mnajadili kazi yako. Wengi wanaona mzigo. Yule Mwingereza wa tangazo ndo ninayekaa naye, bado anauliza ushahidi uko wapi.

Nyumbani wananiuliza lini nitarudi nifungue kliniki. Tanzania kuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002 na baraza lake, kwa hiyo sio kwamba ni pori. Shangazi ananipigia video, anageuza simu kwenye kiuno chake, niangalie kama umetoka.

Mwaka jana yule mama wa Unguja alirudi. Mlango ukafunguliwa nikaona kanga, moyo ukaruka. Nikasema mama, mwanao anajua? Akasema mwanangu yupo London, bega lipo hapa. Akaniambia hata siku ile yeye hakukasirika, ila alijiona mjinga mbele ya mtoto wake, kaulizwa kitu kuhusu shingo yake mwenyewe hana jibu.

Nikamkalisha. Nikamweleza kila kitu, polepole, njia moja moja, faida yake ndogo, hatari zake, na ile hatari kubwa kwa jina lake. Nikamaliza nikamwomba, mama, hebu nieleze umeelewa nini.

Akanitazama, akaweka kanga vizuri. "Nimeelewa unataka kunipa kiharusi kwa pauni hamsini. Shingo usiguse. Bega hilo, hilo kanda. Mafuta ya nazi huna?"

Nikaandika kama alivyosema.